Kaye moja, wafanyakazi maelfu: namna gani programu huria zinakua

Kama ulisoma chuo kikuu huku kwetu, hii hadithi unaijua. Unaandika TFC pamoja na wenzako wawili. Faili ya kwanza inaitwa "TFC". Kisha inakuja "TFC mwisho". Kisha "TFC mwisho 2". Usiku wa kuamkia kwenda kupiga chapa, kunakuwa "TFC mwisho ya kweli". Mmoja alisahihisha sura ya pili kwenye faili ya zamani, mwingine alifuta jedwali la hesabu, na kle USB iliyokuwa na kazi yenyewe imeingia virusi. Hakuna mtu anaweza kusema nani alibadilisha nini, wala siku gani.

Hapa kwenye redaksio yetu pia ilitufikia. Mimi na mwenzangu tulisahihisha habari moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye mashini yake. Ya kwake ikafunika ya kwangu, na msomaji wa habari akaingia hewani na tarehe ya mkutano ile tulikuwa tumekwisha kusahihisha. Watu walikuja kwenye mkutano siku isiyokuwa yake. Tuliomba radhi, lakini waliopoteza asubuhi yao hawakurudishiwa.

Hapo tulikuwa wawili tu. Sasa fikiri watu zaidi ya elfu kumi na tano, kutoka nchi nyingi, wengi hawajaonana hata siku moja, wote wanaandika ndani ya kazi moja. Kuko kazi kama hiyo, na matunda yake pengine uko nayo mkononi sasa hivi. Telefone yako ikiwa ni Android, ndani yake kuko programu inayoitwa Linux. Ndiyo inaamuru betri, kioo, kamera na redio ya mtandao kufanya kazi pamoja. Iliwezekana namna gani? Jibu kubwa moja liko katika chombo ambacho watu wengi hawajasikia jina lake: kaye ya kuandika kila badiliko.

Kwanza, programu huria ni nini?

Programu yoyote iko na maandishi yake ya ndani, yale mainjiniya wanaita kode. Kampuni nyingi zinaficha hiyo kode. Unanunua programu sawa vile unanunua mkate, bila kuonyeshwa unga ulipimwa namna gani. Programu huria inafanya kinyume. Kode yake iko wazi, na leseni yake inakupa ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuwagawia wengine.

Lakini ruhusa peke yake haikuzi kazi. Mlango unaweza kuwa wazi na bado watu wakashindwa kuingia, juu ndani hakuna utaratibu. Mgeni akileta sahihisho, nani analipokea? Likiharibu kitu, linaondolewa namna gani? Watu wawili wakigusa mstari mmoja, nani anapita? Hayo maswali ndiyo yaliamua programu gani itakua na gani itabaki kazi ya rafiki watatu.

Mwalimu na wanafunzi wake wawili

Vyombo vya kutunza mabadiliko vilianza zamani. Mwaka 1972, kwenye maabara ya Bell Labs huko Marekani, Marc Rochkind alitengeneza kimoja kilichoitwa SCCS. Mwaka 1982 Walter Tichy wa chuo kikuu cha Purdue akaleta RCS. Kwa kawaida vyombo hivyo vilikuwa sawa na kaye moja yenye kufuli: anayetaka kuandika anaichukua, wengine wanangoja mpaka airudishe.

Kisha kule Amsterdam, mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Dick Grune, akawa na shida inayofanana na ile ya TFC yetu. Alikuwa anafanya programu moja pamoja na wanafunzi wawili, na saa zao hazikulingana. Mwanafunzi mmoja alishika saa za ofisi, wa pili alikuja wakati wowote, na mwalimu mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Kufungiana kaye kungewaua. Akaandika chombo kilichowaachia wote watatu kuandika kwa wakati mmoja, kisha kikaunganisha kazi zao. Mwaka 1986 alikitoa kwa watu wote. Ndicho kilizaa CVS, ile programu huria nyingi zilitumia miaka ya tisini.

CVS ilifungua njia, lakini iliacha tatizo moja. Kaye yenyewe ilikaa pahali pamoja, kwenye mashini kubwa ya mradi. Kuandika ndani yake kulihitaji ruhusa, na ruhusa walipewa wachache. Mwanzoni, kwenye miradi mingi, hata kuisoma mgeni hakuweza. Katikati ya miaka ya tisini mradi wa OpenBSD ulivunja desturi hiyo ukaachilia mtu yeyote asome kaye yake yote kupitia intaneti. Ilikuwa hatua kubwa, sababu mgeni aliweza kuona kazi inaendelea siku kwa siku, siyo tu kupokea mkate uliokwisha kuiva.

Kuandika, hata hivyo, bado kulikuwa kwa wenye ufunguo. Na kupewa ufunguo kulikuwa jambo la siasa. Unampa nani? Ukimpa mtu na anaharibu, je? Ukimnyima mtu wa maana, atakata tamaa ataenda. Mradi ulikua kwa kipimo cha imani ya wakubwa wake kwa watu wasiowajua, na imani ya namna hiyo ni chache kila pahali.

Linux: mtu mmoja mlangoni

Mwaka 1991, Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland. Mwezi wa nane alitangaza kwamba anatengeneza programu ya kuendesha kompyuta, na mwezi wa tisa akatoa toleo la kwanza. Lilikuwa na mistari kama 10,000 ya kode. Watu wakaanza kumtumia viraka, maana yake vipande vidogo vya kode vyenye kusahihisha au kuongeza kitu. Vilikuja kwa barua pepe. Torvalds anasoma, anapenda au anakataa, anaingiza kwa mkono, kisha anatoa toleo jipya.

Hiyo ilikwenda vizuri wakati watu walikuwa kumi, hata mia moja. Lakini mwishoni mwa miaka ya tisini barua zilimzidi. Mtu anatuma kiraka kizuri, hapati jibu. Anatuma tena, kimya. Hajui kama kazi yake ilikataliwa ao ilipotea tu katikati ya barua nyingine. Wengine wakachoka. Malalamiko yalipanda mpaka ikaonekana wazi kwamba mradi umefikia mwisho wa nguvu za mtu mmoja. Shida haikuwa ukosefu wa wafanyakazi. Wafanyakazi walijaa nje, na mlango ulikuwa mwembamba.

Juu ya nini Torvalds hakutumia CVS? Hakuipenda. Aliona inaunganisha kazi vibaya na inatia kila kitu pahali pamoja. Kwa hiyo mpaka mwaka 2002, moja kati ya programu kubwa za dunia ilikuwa inaendeshwa bila kaye ya kweli.

Kaye ya kuazima

Mwezi wa pili 2002 Torvalds alichagua chombo kinachoitwa BitKeeper, cha kampuni ya Larry McVoy. Kilikuwa tofauti na CVS: kila mtu alipata nakala yake kamili ya kaye, akaandika kwake, kisha akamwita mwenzake achukue alichoandika. Wasimamizi wa sehemu mbalimbali za Linux walianza kukusanya kazi za watu wao, na Torvalds akawa anachukua kutoka kwao. Mlango mmoja ukawa milango mingi. Kazi ilienda mbio sana.

Lakini BitKeeper haikuwa programu huria. Kampuni iliitoa bure kwa watu wa Linux kwa masharti. Sharti moja lilikataza anayeitumia bure kutengeneza chombo cha kushindana nayo. Wengi walinung'unika tangu mwanzo: namna gani nyumba ya watu wote itegemee ufunguo wa mtu mmoja? Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, alikuwa kati ya waliopinga kwa sauti kubwa.

Mwezi wa ine 2005 yaliyoogopwa yakafika. Mwanainjiniya mmoja, Andrew Tridgell, alikuwa amechunguza namna BitKeeper inaongea na mashini nyingine, ili aandike programu huria yenye kuweza kusoma hizo kaye. Kampuni ikasema hiyo ni kuvunja makubaliano, ikaondoa ile ruhusa ya bure. Mradi mzima wa Linux ukabaki bila chombo.

Siku chache za mwezi wa ine

Torvalds aliacha kazi ya Linux kwa muda akaanza kuandika kaye yake mwenyewe. Alianza tarehe 3 mwezi wa ine 2005. Tarehe 7, siku ine nyuma, chombo kipya kilikuwa tayari kinatunza kode yake chenyewe. Akakiita Git. Mwezi wa sita toleo la Linux namba 2.6.12 likatoka, limetunzwa na Git. Mwezi wa saba akakabidhi usimamizi wa Git kwa Junio Hamano, akarudi kwenye Linux. Na safari hii chombo chenyewe kilikuwa programu huria, ili pasiwe tena mtu wa kuamka asubuhi moja na kunyang'anya.

Namna Git inafanya kazi

Wale wako katika AVEC wataelewa haraka. Kwenye AVEC, sanduku liko na kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu, ili asikuwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Na kila akiba inaandikwa mbele ya wote. Sasa fikiri AVEC ambamo kila mwanamemba, akirudi nyumbani, anabeba nakala kamili ya kaye yote tangu siku ya kwanza: nani alileta nini, siku gani, na juu ya nini. Nyumba ya mwandishi ikiungua, hesabu haipotei. Mtu akijaribu kubadilisha ukurasa wa zamani kwenye kaye yake, nakala za wengine zitamkatalia.

Git iko hivyo. Kila badiliko linaandikwa na jina la aliyelifanya, tarehe, na maneno machache ya kueleza sababu. Kisha Git inapiga hesabu juu ya kila kilichomo, pamoja na alama ya badiliko lililotangulia, na kutoa alama mpya ya herufi na tarakimu 40. Ni sawa na alama ya kidole. Ukigusa hata nukta moja ya miaka mitano nyuma, alama yake inageuka, na alama zote zilizofuata zinageuka. Udanganyifu unaonekana.

Jambo la pili ni matawi. Ukitaka kujaribu wazo, unafungua tawi lako, unaandika humo bila kugusa shina. Likifaulu, linaunganishwa na shina. Likishindwa, unalitupa na hakuna aliyeumia. Kwenye vyombo vya zamani kuunganisha matawi kulikuwa mateso, kwa hiyo watu waliogopa kuyafungua. Git ilifanya ikawa kazi ya dakika.

Jambo la tatu linatugusa sisi zaidi: Git haihitaji mtandao ili kuandika. Kaye yote iko ndani ya mashini yako. Umeme ukirudi saa tano ya usiku na intaneti imekatika, unafanya kazi, unaandikisha mabadiliko, unasoma historia. Siku mtandao unarudi ndiyo unatuma.

Ni nini ilibadilika kweli?

Swali la zamani kwa mgeni lilikuwa "wewe ni nani?" Bila kujibu hilo hukupata ufunguo. Na Git, mgeni hahitaji ufunguo. Anachukua nakala yake, anafanya kazi yake kwake, anaonyesha alichofanya, na swali linakuwa "kazi yako iko namna gani?" Wakubwa hawalazimike kumwamini mtu kwanza. Wanasoma badiliko moja, wanalipokea ao wanalikataa. Likipokelewa na baadaye likaonekana baya, linaondolewa lenyewe bila kubomoa mengine.

Hapo ndipo ukuaji ulitoka. Bei ya kumkubali mgeni ilishuka. Zamani kumkubali ilikuwa sawa na kumpa mtu ufunguo wa nyumba; leo ni sawa na kupokea barua yake mlangoni na kuisoma. Ripoti ya Linux Foundation ya mwaka 2017 ilihesabu watu kama 15,600 kutoka kampuni zaidi ya 1,400 waliotia mkono katika Linux tangu 2005. Na hesabu hiyo yenyewe iliwezekana juu Git iliandika majina yao. Siku hizi toleo jipya la Linux linatoka kila wiki 9 ao 10, na mara nyingi linabeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Mtu mmoja na barua pepe zake hangeyaweza.

Kuko na faida nyingine ndogo kwa macho lakini kubwa kwa kazi. Tuseme toleo la jana lilikuwa zima, la leo linaharibika, na katikati kuko mabadiliko 1,000. Kosa liko wapi? Git inakupeleka katikati kabisa: jaribu hapa. Kama hapa ni pazima, kosa liko nusu ya pili. Inagawa tena nusu kwa nusu. Kwa majaribio kama 10 tu unafika kwenye badiliko lenyewe, na jina la mwenye kulifanya liko hapo. Sifa inaandikwa, na lawama pia.

Hata ugomvi ulibadilika sura. Zamani kundi likijitenga na mradi, nakala mbili ziliachana na kurudiana kulikuwa kazi ngumu sana. Leo kila mchangiaji anaanza kwa kuchukua nakala ya kujitegemea, na kurudisha kazi ni jambo la kawaida. Msimamizi mwenye kiburi anajua kwamba watu wanaweza kuondoka na kaye yote. Hiyo inamfundisha kusikiliza.

Kaye haijisomi yenyewe

Usifikiri kwamba chombo kinamaliza kila shida. Hadithi mbili zinaonyesha.

Mwezi wa kumi na moja 2003, wakati wa BitKeeper, kulikuwa nakala ya pili ya Linux kwenye CVS kwa wale hawakupenda BitKeeper. Mtu fulani aliingia kwenye mashini yenye nakala hiyo akaongeza mistari miwili. Kwa jicho la haraka mistari ilikuwa inauliza kama mtumiaji ni mkubwa wa mashini. Lakini pahali pa alama mbili za "sawasawa" aliweka moja tu, na maana ikageuka: badala ya kuuliza, inamfanya kuwa mkubwa. Mlango wa mwizi, kwa alama moja. Uligunduliwa haraka, juu badiliko hilo halikuwa na mwenzake katika kaye ya BitKeeper. Kaye mbili hazikulingana, mwizi akaonekana.

Hadithi ya pili ni ya 2024, na ni chungu zaidi. Kuko programu ndogo inaitwa xz, ya kubana mafaili, inayotumiwa na mashini nyingi sana za Linux duniani. Kwa miaka ilikuwa inasimamiwa na mtu mmoja wa kujitolea, amechoka, bila malipo. Akatokea msaidizi anayejiita Jia Tan. Alileta mabadiliko mazuri kwa zaidi ya miaka miwili, polepole mpaka akapewa mamlaka ya usimamizi. Kisha katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 akaficha mlango wa siri. Angalia alivyofanya: vipande vingine alivificha kwenye kaye vikionekana kama mafaili ya majaribio, lakini kipande cha kuviamsha hakukiandika kwenye kaye ya Git. Alikitia tu ndani ya kifurushi kile watu walipakua. Waliosoma kaye hawakukiona. Waliochukua kifurushi hawakulinganisha.

Aliyegundua ni Andres Freund, mwanainjiniya ambaye alishangaa kuona kuingia kwenye mashini yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Alifuata hiyo nusu sekunde mpaka mwisho, na tarehe 29 mwezi wa tatu 2024 akapiga kelele kwa dunia yote.

Kwa hiyo kaye nzuri inasaidia kazi kukua, lakini kazi ikikua, macho ya kusoma lazima yakue pia. Ni rahisi kupata watu elfu wa kuleta mabadiliko. Kupata kumi wa kukaa, kusoma, kuuliza na kukataa kwa heshima ni shida. Miradi mingi iko na Git na bado iko na msimamizi mmoja mwenye kuchoka. Hapo ndipo hatari iko.

Kaye imerudi kwa mwenye nyumba?

Mwaka 2008 ilifunguliwa GitHub, pahali kwenye intaneti pa kuweka kaye za Git. Ilileta urahisi: kwa kubonyeza mara moja unapata nakala, kwa kubonyeza tena unatuma ombi la badiliko lako kuingizwa, na watu wanalijadili palepale. Vijana wengi waliingia katika programu huria kwa mlango huo. Mwanzoni mwa 2023 kampuni ilitangaza kufikisha watumiaji milioni 100. Lakini tangu 2018 GitHub ni mali ya Microsoft, iliyoinunua kwa dola miliardi 7.5.

Mwaka 2019, sababu ya vikwazo vya serikali ya Marekani, watumiaji wa Iran, Siria na Krimea walifungiwa baadhi ya huduma, kati yake hifadhi zao za siri. Wairani walirudishiwa huduma mwanzoni mwa 2021. Hawakuwa wamefanya kosa la kode. Pahali pao pa kuishi ndipo palikuwa tatizo. Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua maana ya kukatiwa njia kwa mambo yaliyoamuliwa mbali.

Hapo ndipo hekima ya Git inaonekana: aliyekuwa na nakala kamili kwenye mashini yake hakupoteza historia ya kode yake. Lakini majadiliano, maombi na orodha ya makosa vinakaa GitHub, havimo ndani ya kaye. Mwaka 2005 watu wa Linux walikimbia kaye ya kuazima. Leo miradi mingi imerudi kupanga nyumba, ingawa safari hii wapangaji wako na nakala ya vitu vyao vikubwa.

Na sisi huku?

Mtu atasema: haya ni mambo ya Wazungu na mashini zao. Haiko hivyo. Vijana wengi wa Kivu na Ituri waliofanya kazi ya uchunguzi na mashirika wanajua KoboToolbox, ile ya kujaza fomu kwenye telefone. Ni programu huria, ilianzishwa na watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative. Na takwimu za vituo vya afya, kutoka zone za afya za nchi yetu, zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria yenye mizizi Afrika ya Kusini na inayosimamiwa leo na chuo kikuu cha Oslo. Kode za zote mbili ziko wazi, na kijana wa Butembo ao Uvira anaweza kuzisoma usiku wa leo kama yuko na mega.

Tusidanganyane: kuna vizuizi. Kaye nzima ya Linux ni kubwa, kuipakua inakula mega nyingi. Maelezo mengi yako katika Kiingereza. Lakini kuko namna. Git inakubali kuomba sehemu ya mwisho tu, bila historia yote. Inakubali pia kufunga kaye ndani ya faili moja, ikatembea kwa kle USB kutoka mashini moja hadi nyingine. Kundi la vijana sita wanaweza kununua mega mara moja, kisha kugawana.

Na hauhitaji kuanzia kwenye Linux. Anzia kwenye TFC yako ao hesabu za chama chenu. Andikisha kila badiliko na sababu yake: "nimesahihisha sura ya 2 kwa maoni ya mwalimu." Baada ya mwezi utaona tofauti. Anayetaka kuingia kwenye mradi mkubwa aanze na kitu kidogo, kama kosa la tahajia ao tafsiri ya neno. Litasomwa, na likikubaliwa, jina lako litakaa kwenye kaye hiyo miaka yote, kwenye kila nakala duniani.

Redaksio yetu pia imeanza. Mafaili ya habari za jioni sasa yana kaye yao. Wiki ya kwanza mwenzangu alilalamika kwamba ni kupoteza wakati. Wiki ya pili alifuta mahojiano yote kwa bahati mbaya, saa moja kabla ya kuingia hewani. Tuliyarudisha kwa dakika moja. Tangu hapo yeye ndiye anakumbusha wengine kuandikisha kabla ya kufunga mashini.